Umanikea, na hiyo "nyeusi na nyeupe" yenu

Mwalimu mmoja wa Kakamega anauliza: "Nimesikia mchambuzi kwa redio akisema siasa zetu ni za Kimanikeanizimu, akafafanua eti ni kuona mambo ni nyeusi na nyeupe. Hicho ni Kiswahili ama ni ugonjwa?"

Mwalimu, ni dini, ingawa huo mkia unasikika kama kitu cha kudungwa sindano. Mani alizaliwa mwaka wa 216 huko Babeli, Iraki ya leo, akahubiri kwamba tangu mwanzo kuna falme mbili, Nuru na Giza, wala hakuna uliouzaa mwenzake. Dini ikafika hadi Uchina, na hata Mtakatifu Augustino aliifuata miaka kama tisa kabla abatizwe 387. Wagiriki walimwita Manikhaios, Waingereza wakaongeza mkia, sisi tukaumeza mzima mzima na tuna u- yetu ya bure: Budha, Ubudha, Kristo, Ukristo. Kwa hesabu hiyo ingekuwa Umani, na siasa zake ziwe siasa za Kimani, lakini jaribu kusema hivyo hapa Nakuru uone, hata hujamaliza sentensi ushaulizwa Kimani yupi, wa duka ama wa matatu. Basi semeni Umanikea na Kimanikea, yaishe.

Kinachonichoma mimi ni hiyo "nyeusi na nyeupe". Kwanza mambo ni meusi, ngeli ni YA, hilo tuachie watoto wa shule. Pili hicho ni Kiingereza kimevalishwa leso. Na tatu hata hakisemi kile mnataka kusema! Mzee wetu kule Ahero alikuwa na TV ya nyeusi na nyeupe, ya betri ya gari, mmoja wetu lazima awe nje anazungusha eriali huku anapigiwa kelele "hapo hapo, usitoke!" Siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, yaani Ingwe, boma lilijaa mpaka dirishani. Sasa Gor ni kijani, Ingwe ni buluu, na kwa ile skrini wote ishirini na wawili walikuwa rangi ya jivu. Tuliwahi kuruka bao, mama akamwaga chai, majirani wakakumbatiana, kumbe tumefungwa sisi. Hiyo ndiyo nyeusi na nyeupe ninayoijua, hujui adui ni nani. Mchambuzi anaitumia kwa watu ambao wanamjua adui hata kabla mpira uanze.

Wazee walishatuachia kusuka au kunyoa. Siasa za kusuka au kunyoa, nani hataelewa hapo?

Na Mani mwenyewe maskini anasingiziwa. Yeye alifundisha kwamba enzi hii tunayoishi Nuru na Giza vimechanganyika, kama omena na mchanga, Nuru imenaswa mpaka ndani ya matunda, na wateule wake walikula matikiti ndio waifungulie itoke. Mtu wa hivyo, mwenye kutafuta nuru ndani ya tikiti, ndiye mnampa jina la mwanasiasa anayesema wa kule ng'ambo wote ni mashetani?

Haya, Kimanikea nitavumilia, lugha haimwulizi mwenye jina. Lakini ukiniambia nyeusi na nyeupe nitajua unaulizia ile TV, na mzee aliiuza kitambo.