Harara, Miiba na Wakalimani Wapya wa Tanga

Wanangu, nimepokea kurasa zenu za kusahihisha, nikakuta "prickly heat" imetafsiriwa "joto lenye miiba". Aliyeandika amekulia Ngamiani, kila kaskazi anapakwa poda shingoni, ila akiliona neno "prickly" kwenye karatasi anajifanya hajapata kujikuna. Haya, tuelewane.

1. "Prickly heat" ni harara. "Prickly pear" ni dungusi kakati, mapea hayahusiki.

2. Wataalamu wa mimea wa Kiingereza hugawa miiba mafungu matatu. Uliotokana na jani, kama wa dungusi, ni "spine". Uliotokana na tawi, kama wa mlimau, ni "thorn". Unaoota kwenye ganda la juu tu, ukiusukuma kwa dole gumba unabanduka, kama wa mwaridi, ni "prickle". Kwa hesabu hiyo mwaridi hauna "thorn" hata moja, washairi wao wasisikie. Kwetu yote ni miiba. Ukiwaandikia wakata mkonge, mwiba wa ncha ya jani uite mwiba, basi. Ukiwaandikia watafiti wa kituo cha kilimo cha Mlingano, eleza umetokana na nini.

3. Mtu "prickly". Hapa ndipo nilipoaibika. Shamba moja la mkonge lilikuwa na kesi ya mpaka na kijiji, mimi nikiwa mkalimani. Mgeni akasema anajua wazee wako "prickly" kuhusu mpaka, tena wana haki. Harara kwetu ni vipele, na ni hamaki pia. Nikajiona nimeokota lulu. Nikatangaza kwa sauti: "Anasema anajua wazee mna harara." Hiyo "wana haki" ilikuwa bado iko kinywani, mzee aliyekaa kimya muda wote akainuka, akaweka kofia sawa, akasema: "Tutapaka poda, tutarudi." Watu wakacheka, kisha wakaondoka mmoja mmoja, mgeni ananiuliza kichekesho ni nini. Jioni nilikwenda kuomba radhi na mjomba wangu. Tulipewa kahawa, tukaachwa barazani na vikombe vitupu mpaka isha ikapita.

Mwenye harara huwaka hata hajaguswa. "Prickly" hungoja kuguswa, na mara nyingi ana kidonda chake. Ningesema tu: "Anajua jambo la mpaka linawauma, na mna haki." Mtu wa namna hiyo mwiteni mwepesi wa kuudhika, au semeni hataniwi. Msimwite mtu wa kisirani, maana huyo ugomvi anaufuata mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

4. "Thorny issue" ni suala tete.

5. "Hedgehog" ni kalunguyeye, "porcupine" ni nungunungu. Mmoja unaweza kumbeba kwenye kikapu, mwingine anamaliza mihogo ya shamba zima. Atakayewachanganya tena ananunua chapati za ofisi nzima, na mimi nakula tatu.