Jibu: Riwaya yangu ya vichekesho niitangazeje?

Mkuu, umesema riwaya imefika sura ya nne tu lakini bango na fulana viko tayari. Fulana zisubiri. Msomee mtu sura ya kwanza kwa sauti, asiwe mkeo wala mshikaji wako. Pale anaposhika simu, sehemu hiyo ikate. Vichekesho vingi vinakufa kwa sababu mwandishi anautoa utani halafu anaueleza (hili linaniudhi kweli). Kisha rusha kipande kifupi WhatsApp kila Ijumaa, ukikatize panaponoga, kama magazeti yalivyofanya na hadithi za mfululizo. Ukimaliza, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha riwaya. Na hilo jina la "Mfalme wa Kicheko" ulilojipa kwenye bango, lifute leo.