Faili ninaiona, kompyuta yasema haipo

Niliitwa Shela, hapa kisiwani Lamu, kwenye nyumba moja ya wageni, nikawawekee programu ya kuandikia wageni. Nimeiandika mwenyewe kwa Python, na kwenye laptopu yangu huku Langoni inakwenda bila tabu. Nikaifunga folda nzima kwa tar, pamoja na venv (folda ndogo yenye Python ya mradi na paketi zake), nikaitia kwenye flashi, nikapanda boti.

Kufika nikaifungua, nikaandika ./venv/bin/pip (pip ndiyo inayosakinisha paketi za Python). Terminali ikajibu: faili haipo. Nikapiga ls kuorodhesha faili, hiyo hapo! Nikarudia, haipo. Mwenye nyumba kaniletea kahawa, kasimama nyuma yangu anatazama. Ilipoa vile vile.

Siri ilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa faili yenyewe, unaotaja programu ya kuiendesha. Piga head -1 venv/bin/pip uone:

#!/home/mimi/kazi/venv/bin/python3

Hiyo ni njia kamili, inaanzia kwenye mzizi (/), na iliandikwa siku venv ilipoundwa. Kompyuta ya Shela haina mtumiaji aitwaye "mimi". Kilichokosekana si pip, ni ile python iliyotajwa ndani yake, ila ujumbe hukuzungusha.

Basi venv usiihamishe. Ukiwa bado kwenye intaneti, pakua paketi zilizoorodheshwa kwenye requirements.txt:

pip download -d paketi -r requirements.txt

Ukifika, unda venv mpya, iwashe, kisha:

pip install --no-index --find-links=./paketi -r requirements.txt

(Toleo la Python liwe moja pande zote mbili, la sivyo utarudi na boti ile ile.) Hapo ./paketi ni njia tegemezi: inahesabiwa kutoka folda uliyomo. Ukimwambia mgeni "kata kulia", lazima ujue kasimama Ngomeni au msikiti wa Riyadha. Kwa hiyo piga pwd kwanza, ikuonyeshe folda uliyomo.

Hiyo ./ usiidharau. Ukiandika sudo apt install printa.deb, apt (kisakinishi cha programu kwenye Linux kama Ubuntu) itatafuta kwenye hazina zake paketi yenye jina hilo, na faili iko mbele yako. Andika ./printa.deb, itaelewa.

Kwenye cron, inayoendesha amri kwa ratiba, mambo hugeuka. Niliweka nakala ya kila usiku kwa python3 nakala.py, nikasahau kuwa cron huanzia folda ya nyumbani, siyo ya mradi. Huko taja njia kamili ya python ya venv, ya skripti, hata ya hifadhidata inayofunguliwa ndani yake. Wiki nzima haikutoka nakala hata moja, na aliyegundua ni mwenye nyumba, si mimi.