Paka wa Barazani Ni wa Nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zimetoka Kusini mwa Tanzania, na zote zinahusu paka. Nimezijibu pamoja, ingawa ya kwanza imechukua nafasi kubwa zaidi kwa sababu swali lake ndilo linalogombanisha majirani katika kila mji wa pwani wenye samaki. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Mikindani, na kila jioni nakaanga samaki na kuuza barazani kwangu. Mwaka juzi alikuja paka jike mmoja, mweusi mwenye kidevu cheupe, nikawa ninamtupia vichwa na matumbo. Leo nimehesabu paka 11, mbali na watoto wachanga waliozaliwa chini ya kitanda cha shemeji yangu, ambaye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Shemeji ameapa kuwawekea sumu. Wengine wanasema niache tu kuwalisha, watatawanyika wenyewe. Nikiacha nahofia dhambi, nikiendelea napata ugomvi. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nianze na shemeji yako, kwa kuwa sumu haingoji. Mwambie kwa upole, ikibidi mbele ya mjumbe, kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kwamba chambo cha sumu hakimbagui paka na kuku, wala hakimjui mtoto anayetambaa. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda; anayeila hafi papo hapo, bali huzunguka siku kadhaa akivuja damu kwa ndani, na anaweza kwenda kufia darini, kisimani, au chini ya kitanda hichohicho cha shemeji.

Shauri la kuacha kuwalisha nalo halitakusaidia. Paka waliozoea baraza lako hawatahama mji. Watahamia majiko ya jirani, na ugomvi utakuwa na milango mingi zaidi. Kuwatia kwenye kiroba na kwenda kuwamwaga kijiji kingine ni kuwahamishia wenzako mzigo, na mara nyingi nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na paka wengine madhali mabaki ya samaki yapo palepale. Kuhusu dhambi, hayo ni ya masheikh, lakini nakukumbusha kwamba yule mwanamke anayetajwa katika hadithi ya Mtume aliadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Wako hawajafungwa.

Kosa lako, ukiniruhusu niliite hivyo, si kuwalisha bali ni kuwalisha na kuishia hapo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu. Hubeba kwa takriban siku 63 hadi 65, mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano, na anaweza kuingia joto tena hali bado ananyonyesha. Kwa mwendo huo, kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka si ajabu. Yule mweusi mwenye kidevu cheupe alifanya hesabu ambayo wewe hukuifanya. Kwa maoni yangu, anayempa paka chakula kila jioni ndiye mwenyewe, hata kama hajampa jina, na mwenyewe ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba hazai ovyo.

Nenda, basi, ofisi ya mifugo ya halmashauri, uulize ni daktari yupi wa mifugo anayewafunga uzazi paka jike na kuwahasi madume, na mpatane bei ya paka kadhaa kwa pamoja. Mkiwa na uwezo wa wachache tu, anzeni na majike, kwa maana dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapanda wote. Mashume nao wakihasiwa hupunguza kupigana, kukojolea kuta na ule mlio wa usiku unaomtoa shemeji yako usingizini, na huenda hilo la mwisho likamlainisha kuliko sheria yoyote. Mwombe daktari akate ncha ndogo ya sikio la kushoto wakati paka bado amelala kwa dawa. Ni alama inayotumika katika nchi nyingi, na itawaepusha kumkamata paka yuleyule mara ya pili.

Kumkamata paka asiyeshikika ni kazi, lakini pwani hatukosi zana. Niliwahi kumtazama mvuvi mmoja hapohapo Mikindani akitumia dema kuukuu la waya, yaani mtego wa samaki, ambalo mdomo wake alikuwa ameupanua kidogo. Aliweka ndani kichwa cha samaki changu kilichochomwa ili kinukie, akakaa mbali. Shume mmoja mwenye sikio lililochanika alilizunguka dema mara tatu, akaingiza kichwa, masharubu yakajikunja kwenye waya, kisha akajipenyeza mwili mzima. Alipogeuka kutoka alikutana na ncha za mdomo zinazoelekea ndani, akaanza kurukaruka na kulia; mvuvi akalifunika dema lote kwa kanga mbili, na haikupita dakika kabla ya kimya kuingia. Giza humtuliza paka. Paka mzima asile kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji, maji anaweza kunywa, na muda wa kumnyima chakula paka mdogo aupange daktari. Baada ya upasuaji dume akae ndani siku moja hivi, jike mbili au tatu, ndipo warudishwe barazani walikotoka.

Chakula uwape kwa saa maalumu, kiasi cha kumalizika kwa nusu saa, kisha ufagie. Mabaki yanayolala nje huita panya, kunguru na mbwa. Samaki awe amepikwa, ametolewa miiba, hana chumvi, pilipili wala kitunguu, kwani kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Usiwalishe samaki wenye mafuta mengi peke yao siku zote, bali changanya na utumbo wa kuku au nyama kidogo. Ugali mtupu haumtoshi paka, ambaye mwili wake umeumbwa kwa nyama. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, kwa hiyo maji safi ndiyo bora. Na wavuvi wa jirani waombe bunju anayenasa kwenye nyavu wasimtupe ufukweni, bali wamfukie: sumu iliyo katika ini, mayai na ngozi yake haiondoki kwa kupikwa, na humwua paka kama inavyomwua mtu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Paka wangu alijaa viroboto, nikamwogesha kwa dawa ya kuua kupe wa ng'ombe niliyogawiwa na rafiki. Baada ya saa chache alianza kutetemeka na kutokwa mate, na usiku akafa. Ng'ombe wanaogeshwa dawa hiyohiyo bila kudhurika. Je, nilizidisha kipimo?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hukutaja jina la dawa, lakini dalili ulizoeleza zinafanana na za dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja upesi kama la ng'ombe au mbwa. Hata kipimo kidogo kingeweza kumdhuru, tena paka hujilamba, hivyo kilichopakwa manyoya huishia tumboni. Ndiyo maana dawa ya viroboto ya mbwa, hasa yenye pemethrini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, nayo haifai kwa paka. Ikitokea tena kwa yeyote, paka aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, asiachwe apate baridi, na apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa.

Mafuta ya taa, ambayo wengi wetu tuliyaona yakipakwa tangu utotoni, yanachoma ngozi na mapafu, tuyaache. Kitana chenye meno ya karibu karibu, bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia viroboto, na matandiko yanayofuliwa na kuanikwa juani hupunguza sana tatizo, na dawa ikihitajika iwe imeandikwa kuwa ni ya paka na ipimwe kwa uzito wake. Dawa za binadamu zisiguswe kabisa: kidonge kimoja cha parasetamo cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima.

Kwa kuwa wewe ni mkulima, utakapoanza kupulizia mikorosho salfa au dawa ya wadudu, mfungie paka ndani mpaka vumbi litue na majani yakauke, na akirudi na unga mgongoni mfute kwa kitambaa kibichi kabla hajajilamba.

SWALI: Mimi ni mzee wa Lindi mjini. Juzi mjukuu wangu aling'atwa mkononi na shume asiyejulikana. Bibi yake akapaka majivu. Aidha, mke wa mwanangu ni mjamzito, na watu wanashauri nimtupe paka wetu wa ndani. Naomba mwongozo.

JIBU: Shikamoo mzee. Ukifikiwa na gazeti hili kabla mtoto hajapelekwa hospitali, mpeleke leo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Jeraha lilipaswa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, pasipo majivu wala pilipili, na hata sasa lioshwe. Shume huyo akionekana, achunguzwe kwa siku 10 bila mtu kumshika kwa mikono mitupu. Akiwa mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza siku alipouma. Lakini chanjo ya mtoto isisubiri siku hizo ziishe. Mikoa yenu ya Lindi na Mtwara ilikuwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, kwa hiyo mbwa wa kuchanjwa wengi mnawakumbuka, paka husahaulika. Wa kwako achanjwe akiwa na miezi mitatu au zaidi, arudiwe baada ya mwaka, na usiku alale ndani, kwa sababu majeraha mengi ya paka hutokana na mapigano ya usiku.

Kuhusu mkweo, hakuna haja ya kumtupa paka. Kinachohofiwa ni kimelea cha toksoplazima, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambacho hupatikana pia katika nyama isiyoiva vizuri na katika udongo wa bustani. Katika kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo mchanga wake ukisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Mkweo asiuguse mchanga huo, anawe mikono baada ya kushika udongo au nyama mbichi, na ale nyama iliyoiva. Mchanga wa paka, mzee, uusafishe wewe, kila asubuhi, mpaka mtoto azaliwe.