Kujenga nyumba mpya kwenye mashamba yanayolindwa Uingereza: anza na ardhi, ramani baadaye

Ukiona kiwanja cha mashambani Uingereza kinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue bei hiyo imeshakujibu: hapajengwi. Kuna watu hukatakata shamba lililo ndani ya ukanda wa kijani (ardhi inayozunguka miji iliyozuiwa kujengwa ovyo) na kuviuza vipande mtandaoni, wakikuhakikishia kibali kitakuja tu. Usiwasikilize. Tangu sheria ya mipango ya 1947, kuwa na hati ya ardhi hakukupi haki ya kujenga. Unaomba kibali, na kwenye maeneo yanayolindwa jibu huanzia kwenye hapana.

Sisi tulitafuta kwenye vilima vya Cotswolds, eneo linalolindwa tangu 1966, na hatukununua kwanza. Sheria inakuruhusu kuombea kibali ardhi ya mtu mwingine, mradi umemjulisha mwenyewe, na kibali kikitoka hufuata ardhi, hakimfuati mwombaji. Basi tukaandikishana na muuzaji: kikipatikana tunanunua, kikikosekana kila mtu na njia yake. Wakili akikwambia mkataba wa namna hiyo ni usumbufu, tafuta mwingine.

Halafu tafuta mlango wa kupitia. Ipo michache: kubomoa nyumba iliyopo na kujenga nyingine isiyoizidi sana ukubwa, kugeuza ghala la shamba kuwa makazi, kuziba pengo kati ya nyumba za kijiji, au nyumba ya mfanyakazi ambaye shamba haliendi asipolala palepale. Wengi hukimbilia ibara ya 84 ya mwongozo wa taifa wa mipango ya ujenzi wa 2024, inayofungua njia kwa usanifu wa hali ya juu kabisa. Wanachosahau ni kwamba nyumba hiyo lazima iwe imejitenga. Kiwanja kikigusana na kijiji, hata msanifu awe bingwa namna gani, mlango huo si wako.

Tulipita ule wa kwanza, nyumba kuukuu ibomolewe, na hapo wakaingia popo. Popo wanalindwa na sheria, na uchunguzi wa jioni hufanyika kati ya Mei na Septemba. Wataalamu huketi kwenye viti vya kukunja jua linapozama, mashine ya kunasa sauti za popo mkononi, wakihesabu wanaochomoka chini ya vigae. Ukiwakumbuka popo Oktoba, subiri mwakani.

Kilichotutoa jasho hasa ni geti. Maafisa wa barabara walitaka ua wa miti ukatwe ili dereva anayetoka aone mbali. Afisa wa mandhari alitaka ua huohuo usiguswe. Na wote walikuwa na haki! Msanifu wetu akapendekeza ua mpya wa miti ileile upandwe nyuma ya mstari wa kuonea, wakakubali. Mivutano kama hii imalizeni kwenye ushauri wa awali, kabla ya kuwasilisha ombi, ambao halmashauri nyingi huutoza ada. Ombi likishaingia rasmi, wiki 8 zinaanza kuhesabiwa, na afisa aliyebanwa na muda huona kukataa ni rahisi zaidi.

Majirani wataandika barua. Kwamba hawataona tena bonde kutoka dirishani kwao, au bei ya nyumba yao itashuka, hakuna uzito kisheria. Mwanga wa madirisha unaomwagika nje usiku una uzito, na kwa sababu hiyo tulipunguza vioo vya upande wa bondeni.

Ukikataliwa, una miezi 6 ya kukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali. Soma sababu kwanza. Kama tatizo ni ukubwa au vioo, kurekebisha ramani na kuomba upya ni nafuu kuliko rufaa. Kama tatizo ni mahali penyewe, ramani mpya haitakusaidia. Ukikubaliwa, pekua masharti yanayotakiwa kukamilishwa kabla ya kuchimba. Kwa kawaida kibali hufa baada ya miaka 3 kazi isipoanza, na msingi uliochimbwa kabla ya kuyatimiza unaweza usihesabike kuwa umeanza.