Jibu: Mdogo wako na ofa ya chuo kidogo Marekani

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako, mkimbiaji, akubali ofa ya ufadhili ya chuo kidogo cha Daraja la Pili (ngazi ya pili ya michezo ya vyuo) kule Marekani, au asubiri vyuo vikubwa vimtafute. Mimi naona asiidharau hata kidogo. Chuo cha Adams State cha daraja hilo, kwa mfano, kiko Alamosa, mji mdogo wa Colorado ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1992, chini ya kocha Joe Vigil, wanaume wao walishika nafasi zote tano za kwanza kwenye fainali ya taifa ya mbio za nyika. Pointi 15 (1+2+3+4+5, na zikiwa chache ndiyo bora)! Hakuna timu inayoweza kupata matokeo bora kuliko hayo.

Ila pesa aiangalie vizuri. Katika daraja hilo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inaruhusu ufadhili kamili 12.6 tu kwa nyika na riadha ya wanaume kwa pamoja, na kocha huugawa vipande vipande. Mmoja anapata nusu, mwingine ada peke yake. Aulize kwa maandishi: chakula na malazi vimo? Unafanywa upya kila mwaka? Akiumia je?

Vyuo vikubwa navyo vimebanwa. Tangu msimu wa 2025, vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House (kesi ya wanariadha dhidi ya NCAA kuhusu malipo) vina ukomo wa wakimbiaji 17 kwa kila timu ya nyika, na makocha wengi hupenda kuzijaza nafasi hizo kwa wanariadha waliokomaa wanaohama kutoka vyuo vingine.

Vyeti vyake vya sekondari avitayarishe sasa. NCAA huvikagua kabla hajaruhusiwa kushindana.