Muulize Mchungaji: Mikuyu ya chemchemi na shoka la Gideoni

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi mwanakwaya, kijijini kwetu huku Morogoro kuna mikuyu mikubwa minne pale chemchemi chini ya kanisa. Zamani watu walikuwa wanatambikia hapo, hata leo ukipita mara moja moja unakuta kaniki imefungwa kwenye tawi. Sasa wazee wa kanisa wameamua ikatwe, iuzwe kwa wachoma mkaa tupate hela ya spika na kinanda. Mzee mmoja kasema Gideoni naye alikata, tena dunia yenyewe itateketea kwa moto, kwa hiyo kulilia miti ni upagani. Sisi kina mama ndo tunachota maji pale. Nilivyojaribu kuongea nikaambiwa nina roho ya mizimu. Nimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea, na hiyo roho ya mizimu muachie mwenyewe aliyeisema.

Tuanze na Gideoni maana huyu tunamtafuta kila tukishika shoka. Soma Waamuzi 6 taratibu. Alichoambiwa akate ni Ashera, kitu cha ibada kilichokuwa kando ya madhabahu ya Baali ya baba yake mwenyewe, na kuni zake akaambiwa amtolee Mungu sadaka ya kuteketezwa. Hakuuza mkaa! Sasa ninyi mnauza gunia kwa gunia mnunue spika, hiyo ni biashara, basi tuiite biashara, tusimsingizie marehemu. Halafu mwombe mzee, kwa heshima tu, asome na Mwanzo 21:33, pale Beer-sheba Abrahamu alipanda mkwaju na akaliitia jina la Bwana hukohuko.

Mti haujatambika, waliotambika ni watu. Wakihamia kwenye jiwe mtapasua mlima? Hao wa kaniki wanahitaji kufundishwa, kutembelewa majumbani, na mimi niliye kwenye kazi hii miaka mingi nakiri kwamba shoka ni rahisi kuliko mafundisho.

Kingine, watu wakifika Mwanzo 1:28, "mkaijaze nchi, na kuitiisha", wanafunga Biblia. Wageuze ukurasa basi, sura ya 2 aya ya 15 mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Hilo kutunza kwa Kiebrania ni shamar, na ndo lilelile lililoko Hesabu 6:24, ile baraka tunayofungia ibada, "BWANA akubarikie, na kukulinda". Yaani unainamisha kichwa Jumapili unaomba Mungu akufanyie kitu ambacho alishakuambia wewe uifanyie bustani, halafu Jumatatu unatoka na msumeno, sijui tunaelewana.

Moto wa 2 Petro 3 nao usiwatishe. Aya ya 6 palepale inasema dunia ya kale iliangamia kwa gharika, na mbona tunailima mpaka leo. Nuhu alijua kabisa maji yanakuja, lakini hakuambiwa achinje wanyama kwa vile watakufa tu, aliambiwa awaingize safinani.

Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, Mkatoliki, yule aliyepata Nobel mwaka 2004, alisimulia kwamba utotoni kwao Nyeri mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu, ni mti wa Mungu, na karibu na mti kulikuwa na kijito. Alivyorudi kutoka masomoni Marekani akakuta mti umekatwa wapande chai, na kijito kimekauka. Kule Ethiopia, Gondar Kusini, Waorthodoksi wamefanya kinyume, makanisa yao yamezungukwa na msitu, ukitazama kutoka juu ni visiwa vya kijani katikati ya mashamba makavu. Wanaona msitu ni sehemu ya kanisa lenyewe, na hakuna anayewaita wapagani.

Na kama maandiko hayatoshi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka hapo kwenye chanzo. Pimeni kwa kamba kabla ya kikao, mikuyu ya chemchemi lazima imo. Mtendaji wa kijiji anaijua hiyo sheria, mkikata atakuja, na spika zenyewe zitaishia kulipa faini.

Hela ya kinanda mbona inapatikana, changizeni kwenye jumuiya, kwaya iuze maandazi, itachukua muda lakini kinanda kitakuja. Kwenye kikao usiende peke yako. Nenda na kina mama wote wanaochota pale, kila mmoja na ndoo yake.